Sehemu ya Nini?

1. Ugomvi wa jioni

Mji wa Kalemie umejengwa kando ya Ziwa Tanganyika, mahali mto Lukuga unapotoka ziwani kwenda kujiunga na Lualaba. Zamani mji huo uliitwa Albertville. Siku hizi ni mji mkuu wa jimbo la Tanganyika. Usiku usio na mbalamwezi wavuvi huenda na taa zao mbali na nchi kavu, na mtu akisimama ufukoni atadhani kuna mji mwingine juu ya maji. Mwanga wa taa hizo huwavuta ndakala, wale samaki wadogo wanaong'aa kama fedha. Alfajiri mitumbwi hurudi, na akina mama huwa wamekwisha kufika na mabeseni yao.

Katika akina mama hao walikuwako wawili, ndugu wa tumbo moja, walioshirikiana katika biashara. Mkubwa alitoa faranga 120,000, mdogo akatoa 80,000. Kwa faranga hizo 200,000 wakanunua ndakala wabichi. Mdogo akawaanika juani, akawageuza, akawalinda wasilowe mvua wala kuliwa na kunguru, kisha akawapeleka kuwauza katika soko la mbali. Kazi hiyo yote ilimchukua siku tano. Mkubwa alibaki nyumbani, kwa sababu alikuwa na mtoto mchanga.

Mdogo aliporudi alifungua pindo la kitenge chake, na ndani yake zilikuwamo faranga 290,000. Lakini mwenye gari na mwenye magunia walikuwa hawajalipwa bado. Wote wawili pamoja walidai 30,000.

Jioni hiyo furaha iligeuka ugomvi.

"Dada, tugawe katikati," alisema mdogo. "Tuko wawili. Nusu kwa nusu ndiyo haki."

"Haki gani?" alijibu mkubwa. "Mimi nilitoa pesa nyingi kuliko wewe."

Kaka yao aliitwa awapatanishe. Alifikiri kidogo, akasema, "Dada alitoa 60 kwa mia ya mtaji. Basi achukue 60 kwa mia ya pesa zote zilizopo hapa, yaani 174,000. Wewe mdogo chukua zinazobaki. Na kwa kuwa ni wewe uliyesafiri, deni la gari na la magunia ulilipe wewe."

Mdogo hakujibu. Alisimama, akajifunga kitenge chake vizuri, akasema kwa sauti ndogo, "Basi. Safari nyingine kila mtu na beseni lake."

Mama mkubwa wa nyumba alimwita binti yake, aliyekuwa darasa la sita. "Mwanangu, wewe unasoma hesabu kila siku. Hebu tugawie."

Msichana alichukua kalamu na daftari. Kuzidisha alijua, na kugawanya alijua. Lakini hakujua agawanye namba ipi: 290,000? 260,000? 90,000? Aliona haya, akasema, "Mama, naomba nimwulize mwalimu kesho. Na mama mdogo asiondoke kwanza."

2. Swali la mwalimu

Asubuhi mwalimu alisikiliza habari hiyo mpaka mwisho. Hakutoa jibu. Alichukua chaki, akaandika ubaoni maneno matatu kwa herufi kubwa: SEHEMU YA NINI?

"Katika madarasa ya chini," alisema, "mtoto hujifunza kuhesabu vitu. Machungwa matatu na machungwa manne ni machungwa saba. Katika darasa la tano na la sita hujifunza jambo jingine: kulinganisha sehemu na kizima chake. Sehemu, desimali, kwa mia, vipimo, wastani, uwiano, yote hayo mtayakuta katika mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Yaonekana kama masomo mengi, lakini swali lake ni moja tu. Mkisahau kuuliza sehemu ya nini, mtapata namba nzuri na jibu la uongo. Leo tutapita katika masomo hayo yote. Tukifika mwisho, mwenzenu ataweza kuwagawia wazazi wake mwenyewe."

3. Sehemu

Robo na nusu, ipi kubwa? Kila mtoto hujibu upesi: nusu. Lakini robo ya sangala mwenye kilo 4 ni kilo 1, na nusu ya samaki mwenye gramu 600 ni gramu 300 tu. Robo ya yule imeshinda nusu ya huyu, kwa sababu vizima havilingani.

Sehemu huandikwa kwa namba mbili. Ya chini huitwa asili. Yaonyesha kizima kimekatwa vipande vingapi vilivyo sawa. Ya juu huitwa kiasi. Yaonyesha vipande vingapi vimechukuliwa. Katika 3/4, kizima kimekatwa vipande vinne, na vitatu vimechukuliwa.

Mwalimu aliuliza, "1/2 ukiongeza 1/3 ni ngapi?"

Mvulana mmoja alisimama upesi. "Ni 2/5, mwalimu. Nimejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini."

Mwalimu hakumkemea. "Mama yako akupe nusu ya mkate, kisha akuongezee theluthi. Utakuwa na zaidi ya nusu, au pungufu?"

"Zaidi, mwalimu."

"Na 2/5 ni zaidi ya nusu?"

Mvulana alifikiri. Nusu ya vipande vitano ni viwili na nusu, viwili havifiki. Akacheka mwenyewe. Ameongezewa mkate, naye amebaki na kidogo kuliko mwanzo!

Kosa lilikuwa wapi? Kipande cha nusu na kipande cha theluthi si vya ukubwa mmoja, basi haviwezi kuhesabiwa pamoja. Mwenye ndakala watatu na sangala wawili hawezi kusema ana sangala watano. Dawa yake ni kukata mkate wote vipande vidogo vinavyolingana. Ukikatwa vipande sita, nusu ni vipande vitatu, yaani 3/6, na theluthi ni vipande viwili, yaani 2/6. Jumla ni 5/6. Kiswahili kina majina ya kale ya sehemu: nusu, theluthi, robo, humusi, sudusi. Sudusi ni sehemu moja katika sita. Basi mvulana yule angebaki na mkate uliopungua sudusi moja tu.

Injili yasimulia jinsi Bwana Yesu alivyolisha watu wapata 5,000 kwa mikate 5 na samaki 2. Mikate 5 kwa watu 5,000 ni mkate 1 kwa watu 1,000. Kama mkate ulikuwa wa gramu 500, kila mtu angepata nusu gramu, chembe ya kushika kwa ncha ya kidole. Lakini walikula wakashiba, na makombo yakajaza vikapu 12. Mtoto anayejua sehemu aona wazi ukubwa wa mwujiza huo.

4. Kwa mia

Kwa mia ni sehemu ambayo asili yake ni 100. Watu huipenda kwa sababu hurahisisha kulinganisha.

Ziwa Tanganyika lina eneo la kilomita za mraba 32,900 hivi, nalo ni la nchi nne. Ili kupata fungu la kila nchi, gawanya kwanza 32,900 kwa 100, utapata 329. Hiyo ni moja kwa mia. Kisha zidisha:

Kongo, 45 kwa mia: 329 × 45 = 14,805.
Tanzania, 41 kwa mia: 329 × 41 = 13,489.
Burundi, 8 kwa mia: 329 × 8 = 2,632.
Zambia, 6 kwa mia: 329 × 6 = 1,974.

Mwanafunzi mwema hamalizi kazi kabla ya kuihakiki. Jumlisha 45, 41, 8 na 6: ni 100. Jumlisha mafungu manne: ni 32,900. Kizima kimerudi kizima, hakuna kilichopotea.

Lakini 45 kwa mia ya nini? Ya uso wa maji. Si ya samaki, wala ya wavuvi, wala ya bandari. Anayesema, "Kongo ina 45 kwa mia ya ziwa, basi yavua 45 kwa mia ya samaki," amebadili kizima bila kusema.

Sokoni kosa hilo hula pesa. Fikiri mchuuzi anayeuza beseni la ndakala kwa faranga 10,000. Wiki hii anapandisha bei kwa 20 kwa mia. Wiki ijayo anaishusha kwa 20 kwa mia, akidhani amerudi palepale. Je, amerudi? 20 kwa mia ya 10,000 ni 2,000. Bei yawa 12,000. Lakini 20 kwa mia ya 12,000 ni 2,400. Bei yawa 9,600. Amepoteza faranga 400 kwa kila beseni, wala hakuna mwizi. Namba 20 ni ileile, ila kizima kimebadilika. Ili arudi kwenye 10,000, ilimpasa kupunguza 2,000 katika 12,000, yaani sudusi moja.

5. Urefu, eneo na ujazo

Kamba hupima urefu. Mkeka hufunika eneo. Beseni hujazwa ujazo. Mtoto akikumbuka vitu hivyo vitatu hatachanganya mita, mita za mraba na mita za ujazo.

Mita 1 ni sentimita 100. Je, mita 1 ya mraba ni sentimita za mraba 100? Sivyo. Ni safu 100, na kila safu ina viraba 100, jumla 10,000. Na mita 1 ya ujazo ni sentimita za ujazo 1,000,000, nayo hujazwa lita 1,000 za maji.

Ziwa Tanganyika ndilo ziwa refu kuliko yote ya maji baridi duniani. Urefu wake ni kilomita 673 hivi, na upana wake kwa wastani ni kilomita 50 hivi. Zidisha 673 kwa 50: utapata 33,650. Eneo lililopimwa ni 32,900 hivi. Mwanafunzi amekaribia sana kwa kalamu tu, bila kupanda mtumbwi.

Sasa ujazo. Kina cha ziwa kwa wastani ni mita 570 hivi. Eneo limeandikwa kwa kilomita, basi kina nacho lazima kiandikwe kwa kilomita: 0.57. Zidisha 32,900 kwa 0.57: ni kilomita za ujazo 18,753. Vitabu hutaja 18,900 hivi. Tofauti ni ndogo, kwa kuwa namba zote zimekadiriwa. Lakini anayesahau kugeuza mita kuwa kilomita, akazidisha 32,900 kwa 570, ameliongeza ziwa mara elfu moja.

Hesabu hiyo si mchezo kwa watu wa Kalemie. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda, yakaingia katika nyumba za mitaa iliyo karibu na ufuko, na watu wengi wakahama na vyombo vyao. Anayetazama mti wa kupimia aona maji yamepanda milimita 1, akasema, "Si kitu." Milimita 1 ya nini? Ya ziwa zima! Kilomita 1 ya mraba ina mita za mraba 1,000,000. Milimita 1 ni mita 0.001. Basi juu ya kila kilomita ya mraba, milimita 1 ni mita za ujazo 1,000. Zidisha kwa 32,900: ni mita za ujazo 32,900,000. Kwa ndoo za lita 20, ni ndoo 1,645,000,000. Maji hayo hayawezi kuteremka upesi, kwa maana mto unaotoka ziwani ni mmoja tu, Lukuga. Mengine hungoja jua liyageuze mvuke.

6. Wastani

Mvuvi alipata mabeseni 12 usiku wa kwanza, usiku wa pili hakupata kitu, usiku wa tatu alipata 18. Jumla ni 30. Gawanya kwa 3: wastani ni mabeseni 10 kwa usiku. Lakini hakuna usiku hata mmoja aliopata mabeseni 10. Wastani haukusema alichopata kila usiku. Umesema tu kwamba, kama usiku zote zingekuwa sawa, angepata 10. Wafaa kwa kupanga mambo ya mwezi mzima. Haufai kwa kuahidi chakula cha kesho.

Ziwa nalo lafundisha hivyo. Wastani wa kina chake ni mita 570, lakini mahali penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470 hivi. Duniani ni ziwa la Baikal la nchi ya Urusi tu linalolipita kwa kina.

Mtu mwenye urefu wa mita 1 na sentimita 60 afika penye mto. Aambiwa, "Kina cha wastani ni mita 1." Je, avuke kwa miguu? Mto umepimwa mahali pane: sentimita 40, 40, 40 na 280. Jumla 400, gawanya kwa 4, ni 100. Wastani ni kweli, na mtu huyo atazama.

7. Uwiano na kanuni ya tatu

Kilo 3 za ndakala wakavu zauzwa faranga 36,000. Kilo 5 ni bei gani? Tafuta kwanza bei ya kilo moja: 36,000 gawanya kwa 3 ni 12,000. Kisha zidisha kwa 5: ni 60,000. Hii ndiyo kanuni ya tatu. Pita kwenye moja kwanza, na njia itakuwa wazi.

Ramani hufuata uwiano huohuo. Njia ya reli ya kutoka Kabalo ilifika Kalemie mwaka 1915. Urefu wake ni kilomita 273. Katika ramani ambayo sentimita 1 ni kilomita 10, njia hiyo itakuwa sentimita 27.3, ukiifuata kwa uzi katika kona zake zote.

Lakini kanuni ya tatu si ya kila jambo. Mtumbwi mmoja wafika kijijini kwa saa mbili. Mitumbwi mitatu ikiondoka pamoja, haitatumia saa sita! Kabla ya kuzidisha, mwanafunzi ajiulize kama kitu kimoja kweli hukua pamoja na kingine.

8. Kizima cha ndugu wawili

Saa ya mwisho mwalimu alimwita yule msichana ubaoni. "Haya, kizima ni kipi?"

"Ni 290,000, mwalimu," alianza. Kisha akasita. "Hapana. Ndani yake mna 30,000 za mwenye gari na mwenye magunia. Hizo si za mama wala za mama mdogo."

"Zitoe kwanza."

Akaandika: 290,000 − 30,000 = 260,000. Akatazama tena. "Na ndani ya hizi mna mtaji wao wenyewe. Kila mmoja arudishiwe alichotoa." Akaandika: 260,000 − 200,000 = 60,000. "Faida ni 60,000. Hicho ndicho kizima cha kugawanywa!"

Darasa lilinyamaza, likimtazama. Akaendelea. Mtaji ulikuwa 120,000 na 80,000. Uwiano wake ni 3 kwa 2, mafungu matano. 60,000 gawanya kwa 5 ni 12,000. Mama apate mafungu 3, yaani 36,000. Mama mdogo apate mafungu 2, yaani 24,000.

Kisha mwalimu aliwaambia wapime mashauri ya jana. Kama wangegawa nusu kwa nusu baada ya kulipa deni, kila mmoja angepata 130,000. Mkubwa angepata faida ya 10,000 kwa mtaji wa 120,000. Mdogo angepata faida ya 50,000 kwa mtaji wa 80,000. Na kwa shauri la mjomba? Mdogo angepewa 116,000, akalipa deni la 30,000, akabaki na 86,000. Faida yake ingekuwa 6,000 tu, na ya dada yake 54,000. Mjomba hakuwa mtu mbaya. Alichukua 60 kwa mia ya mtaji, akaiweka juu ya pesa zisizokuwa faida. Hakuuliza sehemu ya nini.

Mkono mmoja uliinuliwa nyuma. "Mwalimu, mama mdogo alifanya kazi siku tano. Je, kazi si mtaji?"

Mwalimu alitabasamu. "Umeuliza vema. Hesabu haiwezi kujibu hilo peke yake. Watu wapatane kwanza katika haki, ndipo hesabu iwasaidie kuitimiza."

Jioni msichana aliwaonyesha daftari lake, mstari kwa mstari. Alipofika mahali pa siku tano, alinyamaza. Mama yake alitazama mikono ya mdogo wake, iliyopasuka kwa jua na chumvi ya jasho.

"Mdogo wangu," alisema, "kama ningemwajiri mtu mwingine kwa kazi ile, ningemlipa 3,000 kwa siku. Kwa nini nisikulipe wewe?"

Msichana akaandika upya. Ujira wa siku 5 ni 15,000. Faida iliyobaki ni 45,000. Fungu moja ni 9,000. Mama: 120,000 na 27,000, jumla 147,000. Mama mdogo: 80,000 na 18,000 na 15,000, jumla 113,000. Akahakiki: 147,000 na 113,000 ni 260,000. Ongeza deni la 30,000, ni 290,000. Hakuna faranga iliyopotea, wala iliyoibwa.

Mama mdogo alizihesabu pesa zake mara mbili, akazifunga katika pindo la kitenge. "Dada," alisema, "kesho hakuna mbalamwezi. Mitumbwi itarudi imejaa. Nikupitie saa ngapi?"

Amri ya saba ya Mungu yakataza kuiba. Kuna anayeiba kwa mkono, na kuna anayemnyima mwenzake haki kwa sababu hakujua kugawanya. Wa kwanza ahitaji kutubu. Wa pili ahitaji kufundishwa. Ndiyo maana hesabu hufundishwa shuleni pamoja na katekisimu.

Maneno ya kukumbuka

Kizima: kitu chote kabla ya kukatwa.
Asili: namba ya chini katika sehemu.
Kiasi: namba ya juu katika sehemu.
Mtaji: pesa za kuanzia biashara.
Faida: kinachobaki baada ya kutoa mtaji na gharama zote.
Ujira: malipo ya kazi.
Kuhakiki: kutazama tena kama jibu ni la kweli.

Maulizo

1. Kwa nini msichana alishindwa kuwagawia wazazi wake siku ya kwanza, naye alijua kugawanya?
2. Mjomba alikosea wapi?
3. Kwa nini wastani wa kina cha mto haumtoshi anayetaka kuvuka?
4. Ni jambo gani ambalo hesabu haikuweza kuamua peke yake? Nani aliliamua?

Mazoezi

1. Jumlisha 1/4 na 1/3. Kabla ya kuandika jibu, sema kama litazidi nusu.
2. Gunia la chumvi ni faranga 50,000. Bei inapanda kwa 10 kwa mia, kisha inashuka kwa 10 kwa mia. Sasa ni bei gani?
3. Shamba la shule lina urefu wa mita 40 na upana wa mita 25. Robo yake imepandwa muhogo. Ni mita za mraba ngapi?
4. Maji ya ziwa yamepanda sentimita 1. Ni mita za ujazo ngapi za maji zilizoongezeka katika ziwa zima?
5. Wavuvi watatu walitoa mtaji wa faranga 50,000, 30,000 na 20,000. Waliuza samaki kwa 180,000, na gharama ambazo bado hawajazilipa ni 40,000. Kila mmoja apate pesa ngapi kwa jumla? Usianze kabla ya kuandika kizima ni kipi.